Kuuza Kazi, Kubaki na Haki: Msanii wa Kujitegemea Mbele ya Mkataba

Kazi moja ya sanaa hubeba mali mbili. Ya kwanza ni kitu chenyewe: ubao uliopakwa rangi, kinyago, mswada, faili la picha. Ya pili ni haki ya kukitumia kitu hicho, yaani kukinakili, kukichapisha, kukitangaza, kukigeuza na kukiuza kwa sura nyingine. Mali hizi hutembea kila moja kivyake. Anayenunua mchoro wa Tingatinga pale Oyster Bay, Dar es Salaam, huondoka na ubao. Haki ya kuuchapa mchoro huo kwenye fulana elfu moja hubaki kwa mchoraji, isipokuwa mchoraji mwenyewe ameiachia. Ofa nyingi za kibiashara zinazomdhulumu msanii hujengwa juu ya ukungu unaoifunika tofauti hii. Mnunuzi hulipia mali ya kwanza, kisha huondoka na zote mbili.

Msanii wa kujitegemea ndiye anayeumia zaidi. Hana mshahara wa kumsitiri mwisho wa mwezi, hana mwanasheria wa ofisi, na mara nyingi kodi ya nyumba inamkabili wiki ileile ofa inapofika. Upande wa pili ipo kampuni yenye mkataba uliokwisha kuchapwa, uliotungwa na mtu anayelipwa kuilinda kampuni. Mahakama zinazofuata desturi ya sheria ya mikataba iliyotoka Uingereza hazivunji makubaliano kwa sababu tu bei ilikuwa ndogo. Hutazama kama ridhaa ilitolewa kwa hiari, bila hadaa wala shinikizo. Kwa hiyo kinga kubwa ya msanii iko kabla ya sahihi, na msingi wake ni mmoja: kila matumizi ya kazi yatajwe kwa jina lake, na kila yanayotajwa yawe na bei yake.

Haki zilizomo ndani ya kazi moja

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Nchi hizi zimo pia katika Mkataba wa Berne, uliotiwa sahihi mwaka 1886. Kenya ilijiunga mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kanuni kuu ya mkataba huo ni kwamba hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Haihitaji muhuri, ada wala cheti. Usajili katika ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, ni wa hiari. Faida yake ni ushahidi pale mgogoro unapozuka.

Haki zenyewe ni za aina mbili. Haki za kiuchumi humwezesha mwenyewe kuruhusu au kukataza kunakili, kusambaza, kutafsiri, kugeuza, kutangaza redioni na kuonyesha hadharani. Haki za kimaadili humwezesha mtunzi kutajwa kuwa mtunzi na kupinga kazi yake kukatwakatwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki za kiuchumi zinaweza kuuzwa au kukodishwa. Haki za kimaadili hushikamana na mtu: sheria ya Kenya, kwa mfano, hairuhusu zihamishwe kwa mtu mwingine wakati mtunzi yu hai. Mkataba unaomtaka mchoraji aondoe jina lake milele unagusa eneo ambalo sheria imelizungushia ua.

Hakimiliki katika nchi hizi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mchoro uliochorwa na mtu wa miaka 30 atakayefariki akiwa na miaka 70 utalindwa kwa takriban miaka 90. Anayeomba “haki zote, duniani kote, kwa muda wote wa ulinzi wa sheria” anaomba miaka hiyo yote 90, hata kama alichokuwa anahitaji ni tangazo la wiki mbili kuelekea Idi.

Haki za kiuchumi hugawanyika. Zinaweza kutolewa kwa matumizi fulani tu, kama vile jalada la kitabu bila mabango. Kwa eneo fulani, kama vile Kenya peke yake. Kwa muda fulani, kama vile mwaka mmoja. Na kwa mtu mmoja tu au kwa watu kadhaa kwa pamoja. Kutoa leseni ni kama kupangisha vyumba: mpangaji hukaa kwa masharti na muda, na nyumba hubaki ya mwenyewe. Kuhamisha haki ni kuuza nyumba pamoja na kiwanja. Sheria ya Kenya inautilia uzito uamuzi huo, kwani uhamisho wa hakimiliki, pamoja na leseni inayompa mtu mmoja tu ruhusa ya kutumia, hauna nguvu bila maandishi yenye sahihi ya anayetoa. Leseni ya kawaida, isiyomfungia mtu mmoja, inaweza kutokana na maneno ya mdomo au hata mwenendo wa wahusika. Kwa hiyo msanii aliyemtumia mteja picha akakaa kimya wakati zinatumika anaweza kuhesabiwa kuwa ameruhusu.

Kuna pia kisicholindwa. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotekelezwa. Wazo lenyewe na mtindo viko huru. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi zinazong’aa za aina ya kupakia baiskeli, alianzisha mtindo ambao wanafunzi na jamaa zake waliuendeleza baada ya kifo chake mwaka 1972. Leo mamia ya wachoraji huchora wanyama kwa namna hiyo, na hakuna sheria ya hakimiliki inayowazuia. Kinachozuiwa ni kunakili mchoro mahususi wa mtu mahususi. Funzo la kibiashara ni zito: msanii anayeingia kwenye kikao na kueleza kwa mdomo wazo la tamthilia au kampeni nzima ametoa kitu ambacho hakimiliki haikilindi. Wazo la namna hiyo hulindwa na makubaliano ya kutunza siri yaliyotiwa sahihi kabla ya kikao, au kwa kuwasilisha kazi iliyokwisha kuandikwa au kuchorwa, yenye tarehe.

Mfano wa Solomon Linda

Mwaka 1939, katika studio ya Gallo jijini Johannesburg, mwimbaji wa Kizulu Solomon Linda na kundi lake la Original Evening Birds walirekodi wimbo “Mbube”. Uliuzwa vizuri Afrika Kusini, kisha nakala ikafika Marekani, ambako kundi la The Weavers liliurekodi kwa jina la “Wimoweh” mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliutoa ukiwa na maneno mapya ya Kiingereza, “The Lion Sleeps Tonight”, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney ya The Lion King.

Linda alikuwa amehamisha haki zake kwa kampuni iliyomrekodi kwa shilingi 10. Alifariki mwaka 1962, akiwa maskini. Mjane wake na baadaye mabinti zake nao waliletewa karatasi za kutia sahihi, kila moja ikithibitisha kwamba haki zilikuwa mikononi mwa wengine. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alichapisha katika jarida la Rolling Stone uchunguzi uliokadiria kwamba wimbo ule ulikuwa umeingiza dola milioni 15 kwa matumizi ya The Lion King pekee. Mawakili wa familia walifungua kesi Afrika Kusini mwaka 2004 wakitegemea sheria ya hakimiliki ya himaya ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi hata kama mtunzi aliziuza akiwa hai. Mwaka 2006 pande husika zilipatana, na familia ikaanza kulipwa mrabaha.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama habari ya unyama wa kampuni. Kwa mtu anayetaka kujifunza mikataba, jambo la kutazama ni muundo wa malipo. Shilingi 10 zililipwa mara moja kwa matumizi ambayo hakuna aliyeyataja: kurekodiwa upya na wengine, kutiwa maneno mapya, kuingizwa kwenye filamu, kuchezwa redioni nchi za mbali. Kama karatasi ya Linda ingetoa ruhusa ya santuri ya Afrika Kusini peke yake, hata kwa hizohizo shilingi 10, kila aliyeuhitaji wimbo baadaye angelazimika kurudi kwake. Tena, kilichoiokoa familia kilikuwa kifungu cha sheria ya zamani ambacho waliotunga mikataba hawakukizingatia. Msanii wa leo hana sababu ya kutegemea bahati ya namna hiyo.

Marekani yenyewe haikuwa salama kwa wasanii wake. Machi 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster walimuuza Superman, shujaa wa katuni waliyembuni, kwa mchapishaji kwa dola 130. Mwaka 1975 tu, baada ya kelele za umma, ndipo kampuni mrithi ilipokubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi.

Mkataba usiosema kitu

Wasanii wengi huamini kwamba kama hakuna kilichoandikwa, hakuna kilichouzwa. Imani hiyo ni kweli katika baadhi ya nchi na si kweli katika nyingine, kwa sababu pengo la mkataba hujazwa na sheria ya mahali.

Mwaka 1985 shirika la kutetea watu wasio na makazi jijini Washington, Community for Creative Non-Violence, lilimwagiza mchongaji James Earl Reid sanamu ya familia inayolala juu ya wavu wa kutolea mvuke barabarani. Vifaa vilikubaliwa visizidi dola 15,000, na Reid alijitolea nguvu zake. Hakuna aliyeandika neno kuhusu hakimiliki. Shirika lilipotaka kuitembeza sanamu miji mbalimbali, ugomvi ukaanza. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Reid hakuwa mwajiriwa: alitumia zana zake, karakana yake na saa zake, aliajiri wasaidizi wake na aliagizwa kazi moja tu. Kwa hiyo sanamu haikuwa kazi ya ajira, na shirika halikuweza kudai umiliki kwa msingi huo. Uingereza nayo, tangu sheria ya mwaka 1988, humwachia mtunzi hakimiliki ya kazi iliyoagizwa, isipokuwa ameihamisha kwa maandishi.

Kenya inakwenda njia nyingine. Sheria yake inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Mchoraji wa Nairobi anayeagizwa nembo kwa simu, akalipwa kwa M-Pesa bila karatasi yoyote, yuko katika hali iliyo kinyume na ya Reid. Tanzania Bara inaanza na kanuni kwamba mtunzi ndiye mmiliki wa kwanza, lakini mkataba na masharti ya ajira vinaweza kuibadili nafasi hiyo. Mteja akiwa nje ya nchi, swali la sheria ya nchi gani itatumika linaongezeka juu ya mengine yote.

Sentensi moja huondoa mashaka hayo: “Hakimiliki ya kazi hii inabaki kwa msanii, mteja anapewa leseni ya matumizi yaliyotajwa hapa chini.” Kenya, ambako sheria inaruhusu makubaliano yanayozuia uhamisho, sentensi hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo mengine.

Sura za ofa zinazonyonya

Ofa mbovu haiji na jina lake. Inayojulikana zaidi huahidi kujulikana badala ya fedha: msanii afanye kazi bure, atatangazwa, atapata jina, wateja watamfuata. Kujulikana kuna thamani, ila thamani hiyo hupimika kwa maswali machache. Jina litaandikwa wapi na kwa ukubwa gani? Watu wangapi wa aina inayonunua kazi kama hiyo wataliona? Je, mpiga picha, mpishi na mwenye ukumbi wa shughuli ileile nao wanalipwa kwa kujulikana? Mteja anayewalipa wote hao fedha taslimu na kumwekea msanii peke yake ahadi ameshapanga bajeti, na ndani yake sanaa imepewa sifuri.

Sura ya pili ni shindano. Kampuni au taasisi hutangaza shindano la nembo, picha au wimbo, mshindi apewe zawadi. Masharti yaliyo chini ya tangazo husema kwamba kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya mwandaaji. Kwa zawadi ya mtu mmoja, mwandaaji hupata kazi za watu mia tatu. Shindano la haki huchukua haki za kazi iliyoshinda tu, kwa matumizi yaliyotajwa, na huwaachia walioshindwa kazi zao. Ndugu yake wa karibu ni jaribio la bure, ambalo mwombaji huambiwa achore ukurasa mzima wa kitabu ili “waone mkono wake”, kumbe kila mwombaji amepewa ukurasa tofauti. Kazi za zamani za msanii zinatosha kuonyesha mkono wake. Jaribio mahususi ni kazi, na kazi ina malipo.

Sura ya tatu ni malipo ya mkupuo kwa haki zote. Si dhuluma kila mara. Nembo ya duka, kwa mfano, lazima imilikiwe na duka, na mchoraji mwenye busara huiuza moja kwa moja kwa bei inayolingana. Mwaka 1971 mwanafunzi Carolyn Davidson alilipwa dola 35 kwa alama ya Nike, kwa saa alizofanya kazi. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa kama shukrani. Shukrani hiyo ilikuwa hiari ya kampuni, na Davidson asingeweza kuidai kwa mkataba. Mkupuo hugeuka unyonyaji pale haki zinazochukuliwa zinapozidi mno mahitaji ya mteja, au zinapofichwa mahali ambapo msanii hatazami: nyuma ya hundi, ndani ya hati ya malipo, au katika masharti ya tovuti ambayo mtu huyakubali kwa kubonyeza kitufe.

Sura ya nne ni asilimia isiyosema ni ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 8,000 na nakala 1,000 zimenunuliwa. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 800,000, na hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Asilimia 10 ya faida hutegemea gharama zitakazoandikwa na mwenye vitabu vya hesabu: uchapaji, usafiri, matangazo, posho za vikao. Faida inaweza kuwa sifuri kila mwaka huku kitabu kikiuzwa. Wanamuziki hukutana na jambo hilohilo katika mikataba ya lebo, ambapo studio, video, mavazi na nauli hugeuka deni linalokatwa kwenye fungu la msanii kabla hajaona shilingi. Asilimia ihesabiwe kwenye mapato, gharama zinazokatwa zitajwe na ziwekewe kikomo, na msanii apewe haki ya kukagua hesabu.

Zipo pia ofa zinazomtaka msanii atoe fedha kwanza: ada ya usajili wa maonyesho ya nje, ada ya wakala, gharama ya kuingizwa kwenye kitabu cha wasanii bora. Biashara ya kweli humlipa mwenye kazi. Ulaghai mwingine wa kawaida ni mnunuzi wa mbali anayetuma hundi inayozidi bei, kisha kuomba ziada irudishwe haraka kabla benki haijagundua kwamba hundi ni ya bandia.

Sura mpya kabisa ni maneno yanayoruhusu kazi kutumika “kwa teknolojia zilizopo na zitakazobuniwa”, au kufundishia mifumo ya akili mnemba. Sauti ya mtangazaji iliyorekodiwa kwa tangazo moja inaweza, kwa kifungu hicho, kuzalisha matangazo mengine bila yeye kurudi studio. Matumizi hayo yatajwe peke yake, yakubaliwe au yakataliwe peke yake, na yakikubaliwa yalipiwe peke yake.

Kupima bei kabla ya kujibu

Msanii asiyejua gharama zake hawezi kujua kama ofa inamnyonya. Hesabu huanza na maisha. Tuseme mchoraji anahitaji shilingi 900,000 kwa mwezi kwa kodi, chakula, umeme, bando, rangi na matengenezo ya kompyuta. Kati ya siku 22 za kazi, 10 huenda kwenye kutafuta wateja, kufuatilia malipo na kujifunza. Zinabaki siku 12 za kulipwa, na kila moja lazima ilete shilingi 75,000. Jalada linalochukua siku sita lina gharama ya shilingi 450,000 kabla ya kuzungumzia haki yoyote.

Sasa mchapishaji anamletea shilingi 500,000 kwa “haki zote”. Ofa inaonekana nzuri kwa sababu inazidi gharama. Lakini ziada ya shilingi 50,000 ndiyo bei ya kila kitu kingine: toleo la pili na la tano, tafsiri, mabango, mabegi ya shule, kalenda, katuni ya televisheni, kwa uhai wote wa mchoraji na miaka 50 zaidi. Ofa ikitazamwa hivyo, jibu la msanii hubadilika kutoka “ongeza kidogo” kuwa “kwa fedha hii, jalada la toleo la kwanza”. Mara nyingi mteja hana shida na jibu hilo, maana alikuwa ananakili mkataba wa zamani na hakuhitaji mabegi ya shule.

Kabla kazi haijatoka mkononi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la msanii ni mkataba. Hauhitaji lugha ya mahakamani. Unatosha ukurasa mmoja unaotaja pande mbili kwa majina kamili, kazi yenyewe, matumizi yanayoruhusiwa, eneo, muda, bei, tarehe za malipo, idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, namna jina la msanii litakavyoandikwa, na kitakachotokea kazi ikisitishwa njiani. Vifungu viwili hufanya kazi kubwa kuliko vingine. Kimoja husema kwamba leseni itaanza kutumika baada ya malipo yote kukamilika, kwa hiyo mteja asiyemaliza deni akitumia kazi anakuwa anavunja hakimiliki, juu ya kuwa mdaiwa. Kingine husema kwamba matumizi yoyote ambayo hayakutajwa yamebaki kwa msanii.

Kianzio, ambacho kwa desturi huwa theluthi au nusu ya bei, hulipwa kabla ya kuanza, na humpima mteja mapema kuliko maneno yake. Rasimu hutumwa zikiwa na ukubwa mdogo au alama ya jina juu yake. Faili kamili hutoka baada ya salio. Michoro ya awali, faili zenye tarehe, ankara na ujumbe wa simu huhifadhiwa pamoja. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huutambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp yaliyotunzwa vizuri yana uzito. Makubaliano ya simu hufuatishwa na ujumbe mfupi siku hiyohiyo unaorudia kilichosemwa na kuomba uthibitisho.

Kukataa hakuhitaji ugomvi. Katika mazingira ambayo mteja ni mkubwa kwa umri au ni jamaa wa jamaa, msanii hunaswa na haya kuliko na hila. Ujumbe wa aina hii unatosha: “Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa kuniamini na kazi hii. Bei tuliyoizungumza ni ya jalada la toleo la kwanza. Kwa mabango na mifuko nitakuandalia makadirio yake. Nimekuambatanishia makubaliano ya ukurasa mmoja ili sote tuwe na kumbukumbu. Ukiyaridhia, nitaanza Jumatatu baada ya kianzio kuingia.” Heshima imebaki mahali pake, na hakuna haki iliyotolewa bila kutajwa. Mteja anayekasirishwa na maneno hayo amejieleza kabla ya hasara kutokea.

Haraka nayo ni dalili. Mkataba unaoletwa usiku na kutakiwa asubuhi umenyimwa muda wa kusomwa. Msanii ana haki ya kuomba siku mbili, kuusoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine, na kufuta kwa kalamu kifungu asichokikubali, pande zote mbili zikiweka sahihi pembeni ya ufutaji.

Haki inapovunjwa

Kazi ikitumika nje ya makubaliano, hatua ya kwanza ni kukusanya ushahidi: picha ya bango, tarehe, mahali, nakala ya bidhaa na risiti ya kuinunua. Hatua ya pili ni barua tulivu inayotaja kazi, leseni iliyotolewa, matumizi yaliyozidi, na malipo yanayodaiwa pamoja na tarehe ya mwisho ya kujibu. Matumizi mengi ya ziada hutokana na uzembe wa idara moja isiyowasiliana na nyingine, na huishia kwenye ankara ya pili. Yasipoishia hapo, ofisi za hakimiliki husaidia kupatanisha na kushauri, na mahakama inaweza kuzuia matumizi na kuamuru fidia.

Yapo mambo ambayo msanii mmoja hawezi kuyapata kwa mkataba wake peke yake. Mwaka 2019 Kenya iliingiza katika sheria yake haki ya mchoraji na mchongaji kupata asilimia 5 pale kazi yake inapouzwa tena kupitia mnada, nyumba ya sanaa au dalali. Mwaka 2022 iliweka kwamba mwenye wimbo unaotumika kumburudisha anayepiga simu apate angalau asilimia 52 ya mapato. Jiji la New York, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017, humlazimu anayempa mtu wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi kuandika mkataba, na kulipa ndani ya siku 30 kama mkataba haukutaja tarehe. Hatua kama hizo hutokana na wasanii kudai kwa pamoja. Hata bila sheria mpya, chama cha wachoraji au waandishi kinaweza kuchapisha bei za chini, kutunza mikataba ya mfano na kuonya wenzao juu ya masharti yanayozunguka. Mchoraji anayeshusha bei ili kumpokonya mwenzake kazi huizoesha kampuni kulipia sanaa kwa bei hiyo.

Mwisho ni suala la warithi. Kwa kuwa haki huishi miaka 50 baada ya mtunzi, sehemu ya matunda yake huliwa au kupotezwa na watu ambao hawakuifanya kazi. Msanii anapaswa kuacha orodha ya kazi zake, leseni alizotoa na tarehe za kwisha kwake, mahali mikataba ilipo, na wosia au maelekezo yanayotaja nani atasimamia hakimiliki. Familia iliyo na orodha hiyo ikiletewa karatasi ya kutia sahihi itajua inaombwa nini.